Nje unyevu asilimia 80, ndani midomo inapasuka: humidifaya ya nyumba nzima inafanya nini hasa?

Kila Januari Waswahili wa Minnesota, jimbo la baridi kali kaskazini mwa Marekani, hurudia mjadala uleule, iwe kwenye WhatsApp au kwenye chai baada ya ibada. Mtu anaonyesha simu yake: Minneapolis, nyuzi 10 chini ya sifuri, unyevu asilimia 80. "Sasa kama unyevu ni 80, mbona mtoto anatokwa damu puani kila asubuhi?" Hapo majibu yanamiminika. Huyu anasema hita inakula maji ya hewani. Yule anasema bandika sufuria ya maji jikoni usiku kucha. Wa tatu alinunua nyumba mwaka jana, fundi wa hita amemshauri afunge humidifaya ya nyumba nzima, yaani mashine ya kuongeza unyevu hewani, naye anataka kujua kama ni kitu cha maana au ni mbinu ya kumlia mgeni hela.

Ni kitu cha maana. Tatizo ni kwamba wengi hufungiwa bila kuelezwa, wakaipandisha namba ya unyevu hadi juu kwa kuwa wametoka Mombasa au Dar na wanaamini unyevu mwingi ndio afya, halafu ikifika Februari fremu za madirisha zimeota kuvu. Tuanze na ile namba ya kwenye simu, maana mkanganyiko wote umezaliwa hapo.

Asilimia 80 ya nini?

Unyevu wa hewa ni mvuke wa maji uliochanganyika na hewa, nao hauonekani kwa macho. (Ule "moshi" mweupe unaokutoka mdomoni ukiwa nje kwenye baridi si mvuke tena, ni matone madogo ya maji.) Asilimia inayotangazwa haisemi maji hayo ni kiasi gani. Inasema hewa imekaribia kujaa kiasi gani, kwa joto iliyo nalo wakati huo. Joto likibadilika, nafasi ya mvuke nayo hubadilika, tena sana. Hewa ya baridi ni kikombe cha kahawa, kile kidogo kisicho na mkono; hewa ya joto ni ndoo. Kikombe kikikaribia kujaa ni haki kusema kina asilimia 80. Imimine kahawa hiyohiyo kwenye ndoo uone kama inafunika hata kitako.

Kwa hesabu ni hivi. Mita moja ya ujazo ya hewa ya nyuzi 10 chini ya sifuri, ikijaa kabisa, hubeba mvuke wa gramu 2 na kidogo. Ikiwa na asilimia 80, ni gramu 2 kasoro. Hewa hiyo ikiingia sebuleni ikapashwa hadi nyuzi 21, nafasi yake inakuwa gramu 18. Gramu 2 kasoro ndani ya 18 ni kama asilimia 10. Hakuna hata tone lililopotea njiani, ila asilimia imeanguka kutoka 80 hadi 10. Mchana wa Dar es Salaam wenye nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 70 una gramu kama 21 katika mita ileile. Aliyeshuka kwenye ndege kutoka huko akaingia moja kwa moja katika nyumba kama hiyo anavuta hewa yenye maji chini ya sehemu moja ya kumi ya yale aliyoyazoea. Ngozi lazima ilalamike.

Kwa hiyo hita haili maji. Haina hata pa kuyapeleka. Kinachokausha hewa kweli ni kiyoyozi, ndiyo maana nje ya ukuta kina kile kimpira kinachodondosha maji kutwa. (Mashine ya Willis Carrier ya mwaka 1902, ambayo ndiyo babu wa viyoyozi vya leo, ilitengenezwa kwa ajili ya kiwanda cha uchapaji cha Brooklyn, na shida iliyokuwapo haikuwa joto la wafanyakazi bali unyevu uliokuwa ukiharibu karatasi.) Ni kweli hita mpya za gesi nazo zina mrija unaotoa maji, na watu huuonyesha kama ushahidi. Maji yale yanatokana na gesi inapoungua, si hewa ya sebuleni. Ukibadilisha hita ya gesi ukaweka ya umeme, pua itaendelea kukauka vilevile.

Madhara yake mnayajua: midomo, visigino, damu puani, kupigwa shoti kila ukishika kitasa. Mbao hupungua, sakafu ikaachia nyufa, na mwenye sanduku la nakshi alilolisafirisha kutoka Lamu huona mfuniko umeanza kupinda. Ngoma ya ngozi hukaza yenyewe bila kuoteshwa moto. Virusi vya mafua navyo hupenda hali hiyo. Majaribio ya simbilisi yaliyochapishwa mwaka 2007 yalionyesha kwamba mafua huambukizana kwa urahisi zaidi kwenye hewa kavu na ya baridi. Hilo halina maana kwamba humidifaya ni chanjo. Chanjo ni chanjo.

Kwa nini sufuria haitoshi

Nyumba inavuja. Hewa ya joto hupanda, ikatokea juu kupitia nyufa za dari, matundu ya taa na kifuniko cha kupandia darini; ya nje, baridi na kavu, huvutwa chini kupitia besimenti (chumba cha chini ya nyumba), milango na soketi za kuta za nje. Kadiri nje kunavyozidi baridi ndivyo mvuto huo unavyozidi. Ndiyo maana huwezi kuweka unyevu mara moja ukamaliza kazi. Unaongeza maji, nyumba inayatoa nje.

Tuchukue nyumba ya mita za mraba 170 yenye dari la mita 2.4. Hiyo ni kama mita 400 za ujazo. Tuseme nusu ya hewa hiyo inabadilika kila saa, jambo lisilo la ajabu kwa nyumba ya zamani siku ya upepo. Ni mita 200 za hewa kavu kila saa, na kila moja inahitaji kama gramu 4.5 za maji ili ifike asilimia 35. Hapo ni gramu 900 kwa saa, yaani zaidi ya lita 21 kwa siku. Pumzi, jasho, kuoga na kupika kwa wenye nyumba kutachangia lita kadhaa. Pengo linalobaki ni lita kumi na ushee, kila siku ya Mungu, hadi Machi.

Sasa iangalie sufuria iliyokaa juu ya radieta, ile ya kupashia chumba joto. Hiyo hutoa vikombe vichache tu kwa siku. Mashine ndogo ya mezani yenye tangi la lita 4 inatosha chumba kimoja, mlango ukifungwa. Na sufuria juu ya jiko la gesi usiku kucha naomba tuiache kabisa. Mbali na hatari ya moto, gesi inapoungua hutoa nitrojeni dioksidi, na kama jiko lina hitilafu hutoa pia kaboni monoksidi, ile isiyo na harufu wala rangi. Umetibu midomo, umejiletea balaa.

Ukiirudia hesabu hiyo utaona kitu ambacho muuzaji hatakuambia: kinachoongoza kiasi cha maji ni uvujaji. Punguza uvujaji nusu, na maji unayohitaji yanapungua nusu. Mkebe wa povu la kuzibia, mpira wa kuzunguka milango na kifuniko cha dari kilichozibwa vizuri ni bei ndogo, na bili ya gesi inashuka. Nyumba nyingine zikishazibwa unyevu wake hupanda wenyewe hadi pazuri, na habari ya mashine ikaishia hapo.

Wako pia wasioihitaji hata kidogo, na wengi wao ni sisi. Familia ya watu sita katika apatimenti ya vyumba viwili, maharage yanachemka tangu saa nane, nguo zimeanikwa bafuni, na kioo cha dirisha kinachuruzika maji hadi kwenye zulia. Hao shida yao ni unyevu kuzidi. Wanahitaji feni ya jikoni iwashwe, feni ya bafu iachwe izunguke baada ya kuoga, na sufuria ifunikwe. Kabla hujamwita fundi yeyote, nunua kipima unyevu kidogo cha kuweka mezani. Kwa dola 10 au 15 unapata. Kiweke mbali na jiko na bafu, kisome kwa wiki nzima, asubuhi na jioni. Kikikaa chini ya asilimia 20 hivi siku baada ya siku, endelea kusoma.

Mashine yenyewe

Humidifaya ya nyumba nzima hufungwa kwenye hita inayopuliza hewa kupitia njia za bati hadi vyumbani. Nyumba inayopashwa joto kwa radieta za maji ya moto au kwa hita za umeme za ukutani haina njia hizo, kwa hiyo aina hii haina pa kufungwa. Na kama umepanga, hita si yako, na bomba la maji si lako. Zungumza na mwenye nyumba kwanza.

Ni sanduku la plastiki linalobanwa ubavuni mwa bati kubwa lililo karibu na hita, kule besimenti. Ukifungua kifuniko unakuta pedi moja nene yenye matundumatundu. Mrija mwembamba huleta maji juu yake, maji huchuruzika taratibu hadi chini, hewa ya moto hupita katikati na kuondoka na mvuke. Maji yaliyobaki hutoka kwa mpira hadi kwenye tundu la sakafuni. Vali ndogo ya umeme wa volti 24 hufungua maji pale tu kidhibiti kinapoona unyevu umeshuka na hita inapuliza. Ndiyo mashine yote. Hakuna tangi, na hilo ni jambo jema, maana maji yasiyosimama hayaoti uchafu kirahisi. Aina za zamani zilikuwa na ngoma ya sponji inayozunguka ndani ya beseni la maji. Ukinunua nyumba ukaikuta hiyo, itoe.

Aina rahisi kuliko zote huazima nguvu ya hita: bomba la bati la pembeni hurudisha hewa ya moto kupitia kwenye pedi, bila feni yake yenyewe. Ya pili ina feni yake, haihitaji bomba hilo, na hutoa maji zaidi kidogo. Ya tatu huchemsha maji kwa umeme na kupuliza mvuke moja kwa moja kwenye njia za hewa. Hiyo ina nguvu kuliko zote, hufanya kazi hata hita isipokuwa na moto, lakini ni ghali, inahitaji laini yake ya umeme, na bili utaiona. Kwa nyumba ya kawaida yenye hita ya gesi, mimi ningechukua ya kwanza au ya pili bila kufikiri sana. Anayetumia hitipampu (mashine ya umeme inayovuta joto la nje na kulileta ndani) afikirie zaidi, kwa kuwa hewa yake si ya moto sana na pedi haitoi mvuke wa kutosha, hasa ikilishwa maji baridi.

Kitu kinachowashtua watu ni maji yanayopotea. Sehemu kubwa ya maji yanayopita kwenye pedi huishia kwenye tundu la sakafuni bila kugeuka mvuke. Si ubovu. Yanaosha chokaa ambayo ingeganda kwenye pedi. Hata hivyo, pedi haikwepi: itoe mwisho wa msimu uione, nyeupe na ngumu kama imepakwa saruji, hasa penye maji ya kisima. Badilisha kila mwaka kabla baridi haijaanza. Kuisugua na kuirudisha ni kujidanganya.

Namba ya kuweka

Shirika la mazingira la Marekani, EPA, hushauri unyevu wa ndani ukae kati ya asilimia 30 na 50. Watu huisoma hiyo, wakaweka 45, wakaiacha hapo msimu mzima. Kwa Minnesota ni kosa, na kosa lenyewe huonekana kwenye kioo.

Hewa ya nyuzi 21 yenye unyevu wa asilimia 40 huanza kutoa maji ikigusa kitu cha nyuzi 7 au chini ya hapo. Usiku ambao nje ni nyuzi 18 chini ya sifuri, kioo cha safu moja kwa ndani kinaweza kuwa chini ya sifuri. Cha safu mbili ni afadhali, lakini pembezoni mwake, pale kioo kinapoingia kwenye fremu, baridi ni ileile. Maji yanatokea hapo, yanalowesha mbao, na wiki chache baadaye kuna doa jeusi. La kwenye dirisha unaliona. La ndani ya ukuta, ambako hewa yenye unyevu imepenya na kukutana na ubao wa baridi, hutaliona mpaka rangi ianze kuvimba.

Kwa hiyo namba hufuata baridi ya nje. Kadiri nje kunavyozidi baridi, ndani unashusha. Miongozo inayokuja na mashine hizi hukaribiana: nje ikiwa Farenhaiti 20 (nyuzi 7 chini ya sifuri), weka asilimia 35. Farenhaiti 0 (nyuzi 18 chini), weka 25. Ikishuka hadi 20 chini ya sifuri kwa Farenhaiti (nyuzi 29 chini), 15 inatosha. Tarehe 30 Januari 2019 Minneapolis ilishuka hadi 28 chini ya sifuri kwa Farenhaiti; mtu aliyekuwa ameacha 45 siku hiyo alikuwa akimwagilia kuta zake. Najua inaudhi kushusha unyevu siku ambayo pua imekauka kuliko siku zote, lakini nyumba haina huruma. Kama hutaki kukumbuka kuzungusha namba, nunua kidhibiti chenye kihisi cha nje, kinachoshusha chenyewe. Nyongeza hiyo ya bei naiona ndiyo yenye faida kuliko zote.

Yanayosemwa sana

"Itapunguza bili." Wauzaji hulipenda hili. Ni kweli hewa yenye unyevu husikika joto kidogo zaidi, na unaweza kushusha themostati nyuzi moja. Lakini kugeuza lita moja ya maji kuwa mvuke kunakula joto sawa na theluthi mbili za yuniti ya umeme, na joto hilo linatoka kwenye hita yako. Lita 20 kwa siku ni yuniti 13 hivi. Faida na hasara hukaribia kukatana. Nunua kwa ajili ya pua na mbao, si kwa ajili ya bili.

"Tia dawa kidogo ndani ya maji." Wengine hutia mafuta ya mikaratusi, wengine dawa ya kuua vijidudu, hasa kwenye mashine za mezani. Usithubutu. Korea Kusini waliuza dawa za kusafishia maji ya humidifaya tangu mwaka 1994. Watu walizitia kwenye tangi na kuzivuta usiku kucha, wakiwamo watoto wachanga na wajawazito. Ziliondolewa sokoni mwaka 2011 uchunguzi ulipozihusisha na mapafu yaliyoharibika, na waliokufa ni mamia. Kitu kisicho na madhara ukikisugulia sakafu kinaweza kuua kikigeuka ukungu unaovutwa. Mashine za mezani zinazorusha ukungu baridi hurusha pia chokaa ya bombani. Ndilo lile vumbi jeupe kwenye televisheni. Tumia maji yaliyochujwa madini, na osha tangi mara kwa mara.

"Mtoto ana pumu, kwa hiyo tuongeze unyevu." Polepole. Unyevu ukipita asilimia 50, utitiri wa vumbi la nyumbani hustawi, na utitiri ni miongoni mwa vichochezi vikubwa vya pumu. Muulize daktari wake kwanza.

Siku ya kufunga

Bei ya mashine ya pedi ni dola mia kadhaa pamoja na kazi, kutegemea mji na fundi. Mwenye mkono wa ufundi anaweza kuifunga mwenyewe: kuna kukata bati, kuunga maji na kuunganisha nyaya ndogo za kidhibiti, umeme wa hita ukiwa umezimwa. Ukimwita fundi, simama naye. Mtazame anapochukua maji. Wengi hubana kikoki chenye sindano kinachotoboa bomba la shaba, kazi ya dakika tano, na vikoki hivyo vina sifa ya kuanza kuvuja baada ya miaka. Mwambie akate bomba aweke tii (kiungo cha njia tatu) na koki ya kufunga kabisa. Akisema hakuna haja, kumbuka besimenti ni yako. Mpira wa kutolea maji ushuke moja kwa moja hadi kwenye tundu, usipande popote, la sivyo maji yatarudi kwenye hita na bodi yake ya umeme, na hapo gharama ni nyingine kabisa.

Halafu aina ile yenye bomba la pembeni ina kilango kidogo cha kuzungusha kwa mkono, kimeandikwa kiangazi upande mmoja na baridi upande wa pili. Mwezi Aprili au Mei, hita ikishazimwa, funga koki ya maji na uzungushe kilango hicho upande wa kiangazi. Kikiachwa wazi, hewa iliyopozwa na kiyoyozi itakuwa inazunguka besimenti badala ya kupanda vyumbani, na utaita fundi Julai kulalamika kwamba kiyoyozi kimechoka.